Kengele ya Kuku

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya mnada, kuku kumi na mmoja wa mke wangu walitoka uani wakafuata ng'ombe wa watu. Saa ninaikumbuka kwa sababu kazi yangu ilikuwa ufundi wa saa, na mezani nilikuwa na nne za wateja, zote zikikubaliana.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha. Tulikaa Karatu, kando ya barabara inayopanda Ngorongoro. Mke wangu alikuwa amekwenda Digodigo kumwuguza dada yake aliyejifungua. Aliniachia neno moja: "Baba, nikirudi niwakute wote."

Aliwalea ndani ya nyumba tangu vifaranga, kwa ajili ya baridi yetu, akiwalisha mkononi. Kwa hiyo hawakumwogopa mtu. Nikikaa kula, mmoja alipanda gotini, mwingine begani. Nikifunga mlango, waliugonga kwa midomo kama wadai. Mtetea mweusi alifungua kamba za viatu vyangu. Nikimsukuma alinung'unika, akazunguka, akaanza kiatu cha pili. Nikiwafukuza mara kumi, walirudi mara kumi na moja.

Shule niliishia darasa la nne, mengine nilijisomea. Kijitabu kimoja cha ufugaji kilinifundisha kwamba kuku wazoezwe mlio mmoja wakati wa chakula. Majirani walipiga debe. Mimi nilichagua kengele ya ng'ombe niliyopewa na mfugaji mmoja wa Ngorongoro niliyemtengenezea saa, kwa kuwa mlio wake haukufanana na wa chombo chochote cha nyumbani. Siku ya tano walikuja mbio hata kutoka shambani kwa jirani. Nilijisifu. Mnada ulikuwa haujafika tangu nianze, na sikufikiri kwamba ng'ombe wa mnadani hupita mlangoni kwetu, na kwamba wale wanaoongoza huvaa kengele.

Niliposikia kengele barabarani, kuku walikwisha kuruka ua. Sikuweza kuacha saa za watu mezani. Nilizifungia sandukuni, nikafunga na mlango, nikapoteza dakika saba.

Niliwafikia karibu na uwanja wa mnada. Walikuwa wanatembea katikati ya miguu ya ng'ombe, wakiwatazama wachungaji usoni, wakingoja mahindi. Nilipiga kengele yangu. Kuku wawili waligeuka. Ng'ombe sita nao waligeuka.

"Wewe fundi!" mchungaji mmoja alinipigia kelele, fimbo juu. "Nyamazisha hiyo kitu! Unapoteza ng'ombe yetu!"

"Naita kuku wangu."

"Kuku na kengele?" Akawaambia wenzake kwa Kimaasai, wakacheka mpaka mmoja akashika magoti. "Basi kesho vaa wewe kengele, mama aje akuite!"

Nikaijaza majani kengele isilie. Wale wawili niliwabana kwapani. Waliobaki walikwenda na mlio wa mbele.

Uwanjani niliwakuta tisa ndani ya tenga la mchuuzi wa kuku aliyekuwa anakusanya mzigo wa Arusha. Mtetea mweusi alikuwa katikati yao, anakula.

"Hawa ni wangu," nilisema.

"Wako? Sikuwakamata, mzee. Nimemwaga mahindi, wameingia wenyewe."

"Wamezoea watu."

"Haya, kama ni wako, waite."

Wachungaji walikuwa hatua chache tu, wananiangalia. Kengele sikuthubutu kuigusa. Nikaita kwa mdomo: ku-ku-ku-ku. Wote tisa waliinua vichwa, wakasukumana kuja upande wangu, na mmoja akatoa shingo kwenye tundu la tenga akadonoa kifungo cha shati langu. Nilidhani nimeshinda. Mchuuzi akazunguka upande wa pili, akaita: ku-ku-ku-ku. Wote tisa wakamwendea yeye.

"Basi wana baba wawili!" alisema mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu, na watu wakaangua kicheko.

Jirani yangu alikuwepo. Nilimwomba aseme.

"Kwamba una kuku, najua," alijibu taratibu. "Lakini kama ndio hawa, ndugu yangu, mimi nitaapaje? Kuku ni kuku."

Mchuuzi hakuwa mtu mbaya. Alisema ataniuzia kwa bei anayonunulia kuku, shilingi kumi na mbili kila mmoja, bila faida. Mfukoni nilikuwa na sitini. Ilinibidi nichague watano. Nilijaribu kuchagua kwa utagaji, lakini kila nilipoingiza mkono tengani walipanda wote juu ya mkono, na nikawatoa wale waliotangulia kufika. Mtetea mweusi hakuwa mmoja wao. Lori la Arusha liliondoka saa saba kasoro dakika tano.

Mke wangu alirudi siku ya nne. Saba wakampokea barabarani, wakapanda juu ya mizigo yake. Aliwahesabu kwa macho, akawahesabu tena. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu saa moja na dakika ishirini.

"Yule mweusi," alisema mwishowe, "ulimwona anaondoka?"

"Nilimwona."

"Alilia?"

"Hapana. Alikuwa anakula."

Aliingia ndani na saba wakaingia nyuma yake. Mimi nilibaki nje nikafanya hesabu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoiweza: sitini nilizolipa, na wanne waliokwenda Arusha kwa kumi na mbili kila mmoja, arobaini na nane. Hasara, shilingi mia moja na nane.