Aliyejua Mji Ulivyo Chini

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Bigo, mtaa wetu wa Bunia, nusu ya kichwa imenyolewa, mke wa rafiki yangu mmoja mzee aliponipigia simu kuniambia kwamba mumewe amefariki. Ninyi mnaosoma safu hii hamkumfahamu, na yeye hakutaka mumfahamu. Alikuwa mpimaji katika mgodi wa dhahabu wa Mongbwalu, kazi yake kushuka na kamba na taa, kupima kila njia iliyochimbwa, kisha kupanda ofisini na kuichora. Alipenda kunisimulia mji ule ulivyokuwa: nyumba za matofali zilizopangwa safu, umeme wa maporomoko ya mto, king'ora cha alfajiri kilichowaamsha hata wasio na kazi. Chini ya nyumba hizo, alisema, kuna mji mwingine wenye njia nyingi kuliko za juu, na baadhi zimejaa maji. Vita vilipofika ofisini, ramani ziliishia sokoni. Yeye mwenyewe aliwahi kununua karanga zilizofungwa katika kipande cha mchoro wake. Alipokuja kupanga chumba hapa Bunia, ramani nzima iliyobaki ilikuwa kichwani mwake.

Bunduki ziliponyamaza, kwa namna zinavyonyamaza kwetu, wachimbaji watatu walimfuata hadi hapa. Mmoja alikuwa mkuu wa shimo, ambaye huko wanamwita PDG, kama mkurugenzi mkuu wa kampuni, bila kucheka. Mwingine alikuwa mkulima wa Bogoro aliyeogopa kurudi shambani kwake kwa sababu ya wenye bunduki. Walikuwa wakichimba bila kujua kilicho mbele, wanatoboa njia za zamani, maji yanawafuata. Mzee alisita. Nami, niliyekuwa nimekaa pale nikinywa chai yake, nikajifanya mwenye huruma: "Muzee, batu banakufa na maji, na weye unanyamaza?" Maneno hayo ni yangu, na sitayakana. Alichukua kalamu. Maji aliyachora kwa bluu. Kwa rangi nyekundu alichora nguzo, yale mawe ambayo wachimbaji wa zamani hawakuyagusa ili yashike mlima. "Hii musiguse hata kidogo," aliwaambia. "Ni jiwe moja na lile tulitoa zahabu ndani yake. Tuliiacha ili mulima isitulalie."

Walishukuru sana, wakaondoka na karatasi. Bluu waliiheshimu, na hakuna aliyezama tena. Nyekundu waliisoma kwa njia yao: mzee amesema mwenyewe kwamba dhahabu ipo pale, tena haijaguswa. Walianza na nguzo ya kwanza. Walipofika ya tatu, mlima uliwalalia.

Miezi kadhaa baadaye yule mkulima alirudi na kuku mkononi. Nilikuwepo, nikadhani amekuja kuomba msamaha. "Muzee, ile karatasi ilikuwa muzuri," alisema. "Sasa utuchoree njia za chini yake." Mzee akamuuliza wale wenzake wawili wako wapi. "Walibakia pale, Muzee." "Na weye unataka kushuka tena?" "Niko na batoto. Shamba, nani atanilindia?" Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Mzee alimrudishia kuku wake, na tangu siku hiyo hakuchora hata mstari mmoja. Mwalimu mkuu wa shule moja ya kule Mongbwalu alipokuja kuuliza juu ya ufa uliotokea darasani, kama kuna njia chini ya shule, mzee alitikisa kichwa. "Nikikuchorea ya chini ya shule, kesho itafika kwa PDG mwingine," alimwambia. Mwalimu alinigeukia mimi nimsaidie kumwomba. Sikuwa na uso wa kufungua mdomo kwa mara ya pili.

Siku mbili baada ya mazishi mwalimu yule alinipigia simu. Ufa umepanda hadi dirishani. Aliuliza kama marehemu aliacha karatasi yoyote, nikamwambia hakuacha. Nikamwambia pia, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa bure, awatoe watoto darasani. Alicheka, kicheko kibaya. "Batoke baende wapi? Bazazi bao beko chini kule, banachimba."

Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba watu wanakufa kwa kutojua, na kwamba kazi ya sisi tunaoandika ni kuwafanya wanaojua waseme. Wale watatu walijua. Tuliwaonyesha mahali pa kufia, wakaenda, kwa sababu mahali pa kuishi hatukuwa napo pa kuwaonyesha.