Unyayo wa Ngazi ya Tatu

Nimeishi mtaa wa Kaloleni, Voi, miaka ishirini na mitatu, na bado nilijiandikisha kutembezwa mji wangu kama mgeni. Mwalimu mwenzangu alicheka mpaka akaweka chaki chini. Mimi ni mtu wa kuchungulia, sikatai. Mama husema nitalichungulia hata kaburi langu kabla sijaingia.

Lakini siku hiyo nilikuwa na nyumba moja tu kichwani. Mama alipokuwa na miaka saba hivi, alishuka na bibi yake kutoka mlima wa Sagalla, pekupeku, kuwauzia watu wa reli ndizi. Walipofika kwa mzungu mmoja, bibi alizunguka nyuma jikoni. Mama akaenda mbele na kikapu chake kuangalia maua, akakanyaga ngazi ya simiti ambayo fundi alikuwa ndio kwanza ameilainisha. Fundi alimfukuza, mwiko mkononi. Ndizi zikamwagika. Bibi alimgombeza njia nzima ya kupanda, na hakumshusha Voi tena.

Hatukumwamini. Mjomba, kaka yake, hudai mama aliachwa nyumbani kwa uvivu wake, akatunga uongo wa kujisitiri. Kila Krismasi tunamwomba atuhadithie ile ya simiti, tunacheka, naye hujifanya ana kazi jikoni. Mimi nimecheka kuliko wote. Sasa magoti yake yamegoma, hashuki tena mlimani, na mimi, mdaku mkubwa, sijawahi hata siku moja kwenda kuangalia. Hilo lilinitia aibu.

Aliyetuongoza alikuwa msichana mwenye kofia pana na sauti ya mhubiri. Tulikuwa watu saba. Alianzia stesheni ya zamani, nyasi zimeota katikati ya reli, akatueleza jinsi nyumba zilivyopangwa: wazungu penye upepo, Wahindi katikati, na Waafrika kwenye landhi, vile vyumba vya safu, familia nzima chumba kimoja. Nikamuuliza maji yalitoka wapi. Nikamuuliza kwa nini milango yote ya landhi inatazama upande mmoja, na nani aliyefagia huko kwa wazungu.

"Madam, tutafika huko," aliniambia, mara ya tatu sasa.

Tulifika. Nyumba yenyewe ina baraza pana na bati lililoshika kutu, na mama mmoja alikuwa akianika nguo uani. Kiongozi wetu alisimama kando ya ngazi ya tatu.

"Msongee hapa, ndio muone. Hapa watu hupenda sana kupiga picha. Huu ni mguu wa mtoto wa yule mzungu. Alikuwa akicheza, akakanyaga simiti ikiwa mbichi. Babake akasema iachwe hivyo, iwe ukumbusho."

Simu zikatoka. Mimi nikachuchumaa. Ulikuwa unyayo mdogo wa mguu wa kushoto, umejaa vumbi, na kidole cha pili kimekipanda kidole gumba. Kidole hicho nakijua. Mama anacho, nami ninacho, na kwa ajili yake hatuvai viatu vya kufunika ila kwa mateso. Nyumbani tunakiita mchunguliaji.

Nikavua kiatu mbele ya watu wote, nikauweka mguu wangu kando ya ule.

"Madam, sasa hii ni nini?"

"Huyu si mtoto wa mzungu. Huu ni mguu wa mama yangu."

Alianza kucheka, kisha akatazama mguu wangu, akatazama ngazi, kicheko kikaisha. "Mimi niliambiwa tu hivyo," akasema. "Sasa nitakuwa nikiwaambia watu nini?"

"Waambie ni msichana wa Sagalla, alikuwa ameleta ndizi."

Akafikiri. "Na nani alisema usifutwe?"

Sikujua, na mpaka leo sijui. Fundi aliyemkimbiza mtoto na mwiko, akarudi akaiacha alama yake. Kwa nini?

Nikampigia mama palepale. "Mama, nimeuona unyayo wako. Ulisema kweli." Nilikuwa tayari kwa matusi, tena nilikuwa nimeyastahili, mimi na mjomba pamoja.

"Bado uko?"

"Uko. Hata mchunguliaji anaonekana."

"Nilidhani waliufuta siku ileile," akasema taratibu. "Miaka yote hii nilijua waliufuta."

"Tusamehe, mama."

"Uoshe basi, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa na miguu michafu."

Mama wa nguo alinipa maji kwenye kikombe. Nikapiga magoti, nikauosha kwa mkono, kidole kwa kidole, na wenzangu wakasubiri.