Mngoni Aliyemwaga Oili Nyeusi

Lufeyo Jere aliingia kwenye kontena langu pale sokoni Chisokone akiwa na chupa ya maji iliyojaa kitu cheusi. Akaisimamisha juu ya meza, katikati ya filta na plagi, akasema, "Nusa."

Sikunusa kwanza. Mteja namsoma kuanzia miguuni. Alivaa buti za mgodini, kuukuu, zimepigwa kiwi hadi zinang'aa. Mtu wa buti kama hizo hakopi, lakini pia humdanganyi bei, kwa sababu ameshapita kwa wenzako wote kabla ya kufika kwako.

"Unaitwa nani?"

"Jere. Nakaa Ndeke."

"Jere wa Chipata?"

"Kwani kuna Jere wa wapi tena?"

"Ndiyo maana. Nilisikia harufu ya panya wa kuchoma kabla hujafika mlangoni."

Hakukawia hata kidogo. "Na wewe Mbemba, ingiza mkia ndani ya kitenge, wateja wanauona. Nyani uliyemla jana bado anakuchungulia machoni."

Tukafahamiana hivyo. Wabemba na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana; sisi tunawaita wala panya, wao wanatuita wala nyani. Matusi ndiyo salamu yetu, na mwenye kununa ndiye mwenye kosa.

Nikanusa. Ilinuka kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Alikuwa ameifyonza kwa mpira mwembamba, kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Gari lenyewe lilikuwa Toyota la otomatiki, alilonunua kwa mafao yake yote mgodi ulipompumzisha. Alilitumia kupeleka watu misibani na harusini. Lilimlisha yeye na mkewe.

"Oili nzuri ya otomatiki ni nyekundu, unaona mwanga ndani yake," nikamwambia. "Hii imeungua. Umewahi kuibadilisha?"

"Aliyeniuzia alisema haibadilishwi maisha yote."

"Maisha ya nani?"

Akacheka. "Nipe mpya, lita nane. Jumamosi naimwaga yote, mwenyewe, nyumbani. Mwisho wa mwezi huu wa pili nampeleka mke wangu, NyaBanda, kwa mama yake Chipata, wiki ya N'cwala, sherehe yetu Wangoni. Sitaki giaboksi inisumbue kwenye milima ya Luangwa."

Hapo nilisema jambo la kweli. Nilimwambia asiimwage. Sahani za klachi za ndani zikishaisha hivyo, ile takataka iliyomo kwenye oili ndiyo inayozisaidia kushikana. Ukiweka oili safi zinateleza. Atembee nayo taratibu humu mjini, Chipata aende kwa basi. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza: "Au niuzie kabla halijafa. Kwacha elfu ishirini, leo hii."

Jere alishika meza kwa kicheko. "Kumbe! Ndiyo sababu oili yangu inanuka! Mama, nyani wa kwenu Kasama hawana haya, lakini wewe umezidi."

Neno la oili lilikuwa ukweli, neno la bei lilikuwa biashara. Kosa langu ni kuyatoa yote mawili kwa pumzi moja.

Jumamosi nilimpelekea oili mwenyewe hadi Ndeke. Sikwenda kwa wema; nilitaka kuliona gari. Nikamkuta ameshaandaa ua kama chumba cha upasuaji. Miaka ishirini na sita mtu huyu aliendesha winchi ya mgodini, akishusha kizimba chenye watu themanini kwa mkupuo, na hakuna aliyewahi kuumia hata kidole. Alikuwa na pima maji juu ya saruji kuhakikisha gari limekaa sawa. Chupa za mafuta ya kupikia, tupu, zimepangwa kwa mstari ili apime kiasi kitakachotoka na kurudisha kiasi hichohicho.

"Umelizungusha likapata moto?" nikamuuliza.

"Kilomita kumi. Unanifundisha mimi mashine?"

Akaiacha injini inanguruma, mguu kwenye breki, akapitisha mkono wa gia kila mahali, rivasi, huru, mbele, akirudi tena pa kuegeshea. Nilihesabu. Alipoweka gia ya mbele, moja, mbili, tatu, ndipo gari liliposhtuka. Yeye pia alihesabu. Niliona midomo yake. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Kiasi kilikuwa sawasawa kwenye alama. Doa kwenye kitambaa lilikuwa jeusi katikati, na kahawia pembeni kama jeraha la siku tatu.

"Kiasi kiko sawa," akasema.

"Kiasi sikukuuliza."

Alizima injini, akasubiri ipoe, akaliinua gari kwa jeki, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Oili ikashuka kwenye beseni bila kung'aa. Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo, ya kunasa unga wa chuma. Unga laini si kitu, giaboksi yoyote ya umri huo inao. Hii ilikuwa na magamba, kama ya dagaa wa kapenta, yakimetameta. Nikayachukua kwa kidole nikampelekea mkewe, aliyekuwa akimenya viazi vitamu mlangoni.

"NyaBanda, tazama. Hizi ni nyama za ndani za gari lenu. Usipande gari hili kwenda Chipata. Naongea bila utani."

Akamgeukia mumewe. "Baba, umesikia? Eti bila utani."

"Mbemba akisema hivyo shika mfuko wako," Jere akajibu kutoka chini ya gari.

"Mama, kula kiazi," NyaBanda akaniambia huku akicheka. "Tukifa utakuja kutuimbia matusi kaburini, si ndiyo kazi yenu watani?"

Nikala kiazi. Jere akasafisha sampo na sumaku hadi vikang'aa, akabadilisha chujio na gasketi, akamimina oili nyekundu chupa kwa chupa, akapima tena oili ikiwa ya moto. Hakukosea hatua hata moja. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakifanya ovyo kuliko yeye.

Wiki nzima gari lilikwenda kama jipya. Alhamisi, siku ya safari, alisimama mbele ya kontena langu akipiga honi, NyaBanda kando yake amevaa kitambaa kipya kichwani.

"Mla nyani! Lile kaburi ulilotuchimbia liko wapi?"

"Nimelifukia, lilijaa panya!"

Wakacheka, wakaondoka. Ndipo nilipolisikia: injini ilipanda sauti kwanza, gari likafuata baadaye, kama mtu aliyeitwa mara mbili. Ningeweza kukimbia nyuma yao. Mbele yangu palikuwa na mteja wa shokapu nne.

Mvua ilinyesha siku hiyo yote.

Jere alirudi mwezi wa tatu, peke yake, kwa miguu kutoka stendi ya basi. Alinieleza kwa maneno machache, kama anayetoa taarifa ya zamu. Walishavuka daraja la Luangwa, wako kwenye kilima. Injini ikalia, gari likasimama, kisha likaanza kurudi. Breki zilishika, matairi yakateleza kwenye maji, nyuma kuna lori linapanda. Upande mmoja bonde, upande wa pili mwamba. Alichagua mwamba.

"Mwamba ulikuwa upande wa nani?"

"Wa NyaBanda."

Nyonga yake ilivunjika mahali pawili. Bado alikuwa amelazwa hospitali Lusaka.

"Mngoni," nikajaribu, "na panya wa Chipata umewaachia nani?"

Aliitazama kalenda ukutani. "Samahani, mama. Nauliza kama bado unanunua."

Nikataja elfu kumi na moja. Nilianza chini ili apandishe. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Akasema, "Sawa." Nikangoja. Akaomba kalamu. Nikamhesabia hizo hizo elfu kumi na moja, akatia sahihi, akaondoka.

Giaboksi niliifungua mwenyewe. Oili ilikuwa nyekundu bado, na sahani zimeisha hadi chuma. Injini ilinunuliwa na mtu wa Kalulushi, milango mitatu na viti vikaenda ndani ya wiki moja. Faida niliyoipata pale sijaipata kwenye gari jingine mwaka huu. NyaBanda anatembelea fimbo. Jere amepata kazi ya kulinda geti la shule, na hupita mbele ya kontena langu asubuhi na jioni. Kila akipita huvua kofia, ananisalimia kwa adabu, kama anavyomsalimia padri.