Daftari Nililolijazia Kilembwe

Nakumbuka vizuri, Mwanangu, siku tatu nilizokimbia kuliko siku zote za maisha yangu. Wala sikuwa nikikimbia risasi, ingawa ilikuwa miaka ya vita na risasi hazikuwa mbali. Nilikuwa nakimbiza baiskeli. Juu ya baiskeli ile, katikati ya magunia ya karanga, ilikuwamo bahasha yangu, na ndani ya bahasha mlikuwa na uongo wa wiki tano ulioandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Lakini ngoja nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyenikumbusha. Jumapili ulipotoka kanisani ulikuja hapa kwangu mjini Baraka, ukanisukumia simu usoni kabla hujanisalimu vizuri, ukaniambia: shangazi, nimepata chuo, naweza kusomea ualimu wa shule ya msingi humu humu ndani ya simu, bila kwenda Bukavu. Kama si goti hili ningecheza mbele ya wageni. Mtoto wa kaka yangu anataka kufundisha watoto wadogo, na chuo kimemfuata mpaka kiganjani! Kisha ukaniambia vyuo viko vitatu: kimoja ghali, chenye picha za watu waliovaa majoho, kimoja cha bei nafuu, na kimoja kinachoahidi cheti cha haraka bila kukupeleka darasani hata siku moja. Ukashusha sauti uliposema kwamba uwezo wa baba yako unaishia kwenye kile cha bei nafuu. Niliona umeona haya. Haya hiyo naijua, ndiyo iliyonitia mimi mbioni.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitaka ualimu kwa moyo wangu wote. Wenzangu wawili, wenye wazazi wenye mali, walikwenda kusomea Uvira. Mama yangu alikuwa anaanika ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwa, kwenye mchanga wa Lweba, na Uvira ilikuwa mbali na mfuko wake. Basi akasikia habari za Mwalimu Etabo, mkaguzi wa shule aliyestaafu, ambaye alikuwa ameanzisha masomo ya barua kwa vijana waliokwama kwa sababu ya vita. Mzee huyo aliandika kila somo kwa mkono, akalitia katika bahasha, akawapa wachuuzi wa baiskeli au wenye mitumbwi. Wewe ulisoma, ukajibu, ukarudisha kwa njia ile ile. Ada yake ilikuwa samaki, au unga, au ulichokuwa nacho.

Mama yangu hakujua kusoma, lakini alikuwa na akili kuliko mimi niliyesoma. Kabla hajatoa hata ndagala mmoja, alijifunga kitenge chake, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya ukaguzi wa shule, akauliza: mtoto wangu akimaliza kwa mzee huyu, mtampokea? Wakamwambia watampokea, mradi afanye staji, yaani mazoezi ya kufundisha, ya wiki sita mbele ya watoto wa kweli, na mzee aweke sahihi. Akarudi amechangamka, ananukia samaki, na mimi nikanuna. Wenzangu wa Uvira walikuwa wameshayapa masomo yangu jina. Waliyaita masomo ya ndagala.

Niliyadharau, Mwanangu. Nilidhani kitu kinacholipiwa samaki hakiwezi kuwa na uzito. Staji nilipewa darasa la kwanza pale pale Lweba. Kazi yangu ilikuwa kuita majina kila asubuhi, kuandika aliyepo na asiyekuwepo, kufundisha, kisha kuandika somo lilivyokwenda. Wiki ya kwanza niliifanya. Watoto walikuwa thelathini na mmoja, na msichana mmoja wa mbele, Apendeki, alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Halafu mjomba wangu wa Kilembwe akaniita nikamsaidie kuvuna karanga, akaniahidi kitenge kipya. Nikamdanganya mwalimu mkuu wa Lweba kwamba naumwa, nikaenda.

Na daftari la darasa nikalibeba. Mchana mmoja, nimekaa juu ya gunia la karanga, nikazijaza wiki tano zote zilizobaki, hata siku ambazo zilikuwa hazijafika. Usidhani niliandika ovyo. Nilikuwa fundi. Hapa niliweka mtoto anayeharisha, pale mvua imechelewesha masomo, siku nyingine watoto wamechangamka sana katika hesabu. Apendeki nilimwandika yupo kila siku, kwa sababu hakuwa mtoto wa kukosa shule. Nilipomaliza nililisoma tena kwa raha, nikajiona mwalimu kamili.

Wiki hizo barabara ilifungwa kwa ajili ya vita, na habari za ziwani hazikupanda mpaka Kilembwe. Ilipofunguliwa, mchuuzi wa kwanza kuondoka alichukua bahasha yangu, daftari likiwa ndani, ampelekee Mwalimu Etabo. Jioni ile ile mchuuzi wa kwanza kufika kutoka chini akatuambia kwamba Lweba ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kwa wiki mbili nzima sasa. Mapigano yalikuwa yamefika pwani, na watu wote walikuwa wamepanda mitumbwi kuvuka kwenda Ubwari, ile rasi iliyo ng'ambo ya Baraka. Niliuliza habari za mama yangu, nikaambiwa mzima, ameonekana huko. Naona aibu kukuambia lililofuata, lakini nimekusudia kukuambia kweli. Nilipojua mama yu mzima, nilikumbuka bahasha.

Daftari langu lilisema kwamba katika wiki hizo mbili, huku Lweba haina hata kuku, mimi nilikuwa nafundisha kujumlisha.

Alfajiri nikaanza kukimbia. Mchuuzi alikuwa na magurudumu, mimi nilikuwa na kandambili, na kandambili moja ikakatika kabla sijafika mbali. Njiani nilikutana na watu wanaopanda kutoka ziwani na magodoro kichwani, wakanishangaa mimi ninayeshuka. Kwenye kizuizi cha askari, mmoja wao aliniuliza nakimbilia nini, nikamjibu nimesahau kitu Baraka, akacheka mpaka akasahau kunidai pesa. Nilipofika Fizi nikaambiwa baiskeli imepita asubuhi. Siku ya tatu nilipofika ufukwe wa Baraka, pumzi zimeniisha, niliuona mgongo wa mchuuzi yule. Alikuwa ndani ya mtumbwi wa kwenda Ubwari, tayari umesukumwa majini, na bahasha yangu ameifungia kiunoni isilowe. Nikapiga kelele. Akanipungia mkono kwa furaha, akidhani namuaga.

Nilivuka na mtumbwi uliofuata. Ng'ambo nilikuta Lweba nzima imekaa ufukweni, sufuria na vitanda na wazee na watoto, mama yangu akiwamo. Mwalimu Etabo naye alikuwa amekimbilia huko, amekalia kinu kilichopinduliwa, miwani yake imefungwa kwa uzi, daftari langu li wazi magotini. Hakunigombeza. Alinisalimu, akaniuliza habari za karanga. Kisha akawaita watoto wa darasa la kwanza wakae mbele yake mchangani, akaanza kusoma majina kutoka ukurasa wangu wa mwisho. Kila aliyeitwa aliitika kwa nguvu, "Présent!", yaani nipo kwa Kifaransa, kama walivyofundishwa, wakawa wanafurahia kuitwa tena baada ya siku nyingi. Akasoma jina la Apendeki. Watoto wakageuka kumtafuta. Akalisoma tena.

Akasimama mama mmoja aliyekuwa nyuma, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mama yake Apendeki. Katika vurugu ya kupanda mitumbwi mtoto alikuwa amepotea, na tangu hapo alikuwa anamtafuta. Akamuuliza mzee kama jina hilo limeandikwa kwamba mtoto alikuwepo, na siku gani. Mzee akamtajia siku. Ilikuwa siku ya tisa baada ya Lweba kukimbia. Yule mama akaja mpaka kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu," akaniambia, "ulimuona wapi mutoto yangu? Mi niko namutafuta tangu tukimbie. Uniambie tu pa kwenda."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwalimu kabla ya hapo. Neno nililolitamani tangu utoto nilipewa siku ile, na mtu aliyeamini kila nilichoandika. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini, na matumaini hayo nilikuwa nimeyatengeneza mimi, juu ya gunia la karanga.

"Mama, sikumuona," nikasema. "Niliandika uongo. Nilikuwa Kilembwe."

Akaiachia mikono yangu polepole, akarudi kukaa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mwalimu Etabo akafunga daftari, akanitazama juu ya miwani yake.

"Kwa sababu unanilipa na ndagala," akasema, "ulifikiri na hawa batoto ni ndagala? Sitaweka sahihi hapa. Lakini batoto njo hawa, bako mbele yako. Kama unataka staji, unaanza leo, siku ya kwanza."

Nililia kidogo, kisha nikaanza. Ungetuona, Mwanangu! Tulipata mtumbwi mkuukuu uliopasuka, tukausimamisha ubavu, tukaupaka unga mweusi wa betri tuliouponda pamoja na majani ya muhogo mpaka ukawa mweusi kabisa. Chaki yetu ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Nilifundisha kuhesabu kwa mitumbwi iliyokuwa inaingia, na herufi tuliziandika mchangani kwa vidole, watoto ishirini na saba kwa mara moja, mawimbi yakafuta nasi tukaandika tena. Siku mtoto wa kwanza aliposoma neno zima bila kusaidiwa, nilimnyanyua juu nikazunguka naye, nikasahau kabisa kwamba mzee ananipima.

Na kazi nyingine nilijipa mwenyewe. Watoto wanne wa daftari lile walikuwa hawajulikani walipo. Niliandika majina yao, na majina ya wazazi wao, kwenye vipande vya karatasi, nikampa kila mwenye mtumbwi na kila mchuuzi wa baiskeli, nikawaomba wayasome makanisani na sokoni, Mboko, Fizi, Lulimba, popote wanapofika. Kila aliyerudi nilimkimbilia majini kabla hajashuka. Wiki ya tatu likaja jibu kutoka Mboko: Apendeki yuko huko, alivutwa ndani ya mtumbwi wa jamaa nyingine, anakula, anacheza. Siku mbili baadaye akaletwa. Mama yake alikimbia na nguo zake mpaka maji yakamfika kifuani. Mimi nilibaki nimesimama kwenye ubao wangu, nimeshika kipande cha muhogo, nashangilia na machozi yananitoka.

Kesho yake Apendeki alikaa mbele, akajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikaandika kwamba yupo. Mama yake alikuja na furushi la muhogo mkavu uliomenywa vizuri, akaniwekea miguuni, akasema ni wa kuandikia, akaenda zake. Wawili wengine walipatikana. Mmoja hakupatikana mpaka leo, na jina lake ninalo.

Wiki sita zilipotimia mzee aliweka sahihi, nikafanya mtihani, na ofisi ikanipokea kama ilivyomwahidi mama yangu. Tangu hapo nafundisha darasa la kwanza, na bado naingia na furaha ile ile.

Sasa nisikilize, Mwanangu. Chukua kile chuo cha bei nafuu, na usishushe tena sauti unapokitaja. Hakuna mtoto wa miaka sita atakayekuuliza ulilipa kiasi gani. Lakini kabla baba yako hajatuma hata senti, nenda ofisi ya ukaguzi ukaulize kwa mdomo wako kama watakitambua, wala usitosheke na maneno ya kwenye simu, kwa sababu picha ya joho kila mtu anaweza kuiweka. Uliza nani atasahihisha kazi zako, na kama ni mtu unayeweza kumuuliza akajibu. Uliza ukikatikiwa na mtandao wiki nzima, kama huku kwetu ilivyo kawaida, watakungoja au watakufukuza. Na kile kinachokuahidi cheti bila kusimama mbele ya watoto, kikimbie. Mimi nilijitengenezea chuo cha namna hiyo Kilembwe, na umesikia kilinifikisha wapi. Staji utaifanya kwangu, darasani kwangu, nimeshamwambia mwalimu mkuu, na nitakuwa mkali kuliko Mwalimu Etabo.

Basi Mungu aliyetuvusha ziwa lile akulinde njiani mwako. Akupe mega za mtandao za kutosha na macho yasiyochoka, awape wazazi wako uhai wa kukuona umesimama mbele ya ubao. Na asubuhi ya kwanza utakapoita majina, mtoto akaitika, inua kwanza macho umwone yeye mwenyewe, ndipo uandike kwamba yupo.