Kiini Kilichoua King'ora

King'ora cha mafuriko hakikuharibika. Kiliuawa.

Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, chai mkononi, naangalia skrini ya kijani.

Naitwa Wening. Nafanya kazi kituo cha pampu za maji hapa Semarang, upande ule ambao bahari huingia sebuleni bila hodi. Kompyuta nilisomea madarasa ya jioni, mtoto nikimwachia mama.

Mchana pia mwanangu Gendhis hushinda kwa mama, bondeni, nyuma ya ukuta wa bahari. Maji yakipanda, programu yetu hupiga king'ora mtaani, watu wanakimbilia ghorofa ya msikiti.

Siku hiyo mvua haikukata tangu alfajiri. Skrini ikasema: kijani, salama.

Simu ikaita. Mama.

"Wening, maji yako jikoni!"

"Mama, mbona huku ni kijani?"

"Basi njoo uinywe hiyo kijani yako! Mtoto nimempandisha juu ya kabati."

Nikaweka chai chini.

Nikaitazama namba ya kina cha maji. Haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa picha ya mwisho tu. Programu yenyewe ilishakufa.

Nikaiwasha. Ikapumua kidogo, ikafa tena.

"Nilikwambia," akanong'ona Tegar, fundi mwenzangu, akisogeza kisahani cha maua ya kutuliza mizimu alichoweka juu ya mashine. "Humu ndani mna mwenyewe. Kakasirika."

"Mwenyewe gani anachagua programu moja tu?"

"Mbak, dada yangu, usimtaje kwa sauti!"

Ila kweli, ndani ya kompyuta mna mwenyewe. Mwalimu wetu wa jioni alimwita kiini. Memori yote iko mikononi mwake, kaikata vipande vya ukubwa mmoja, na kila programu inaomba kwake. Kiini humwahidi kila mmoja, "utapata", kwa kuwa wengi huomba kuliko wanavyotumia.

Balaa ni siku wote wanapokuja kuchukua kwa pamoja, vipande vikaisha. Hapo kiini kinamtafuta mlaji mkubwa na kumuua, ili mashine nzima isianguke. Hakimuulizi ana kazi gani.

Na king'ora chetu siku za jua hula kidogo. Siku za mvua kinameza vipimo vya kila mfereji. Yaani kinanenepa pale pale tunapokihitaji!

Bado akili haikukubali. Nikaangalia nani anakula nini. Kulikuwa na programu moja nene kuliko king'ora mara tatu, imetulia, haijaguswa.

"Tegar, hii nini?"

Akameza mate.

"Ya bosi, Pak Darsono. Picha anazowaonyesha wageni, na muziki. Ilikuwa inazimika kila mara, bosi anaaibika. Akaniambia niikinge. Nikakiagiza kiini: huyu usimguse kamwe."

"Nawe ukakubali?"

"Ni mkubwa, Mbak! Ningemkatalia vipi? Sungkan."

Sungkan. Ile haya yetu Wajava ya kumwambia mkubwa "hapana". Tumelelewa nayo, tunaiita adabu. Siku hiyo niliona ina meno.

Nikashika kipanya.

"Usiifunge! Ana wageni juu sasa hivi!"

"Na mwanangu yuko juu ya kabati."

Nikaifunga.

Nikawasha king'ora. Kikapumua. Kikaendelea kupumua. Kijani ikawa njano, njano ikawa nyekundu, na mtaa mzima ukapigiwa mlio ule wa kukata maini.

Pak Darsono akashuka ngazi mbio. "Nani kazima picha zangu?"

"Mimi, Pak."

Kwa mara ya kwanza sikuinamisha kichwa. Nikamwonyesha ile nyekundu. Akainama kuisoma.

Nyuma yake mgeni mmoja akauliza taratibu, "Si ndicho king'ora ulichokuwa unatuonyesha?"

Jamani. Zile picha zilizokila king'ora zilikuwa za kukisifia king'ora.

Mama nilimkuta msikitini, kalowa hadi kiunoni. Gendhis mabegani kwake, anacheka, kashika mwiko.

Siku hizi king'ora ndicho kilichokingwa. Hata hivyo mvua ikianza siiamini kijani. Nampigia mama kwanza.

Nawe ukiona wanyonge wanaanguka mmoja mmoja na hakuna anayejua kwa nini, usihangaike na mizimu. Uliza ni nani pale ndani asiyeguswa.