Redio Yenye Kujitafutia

Kosa yangu niliichagua mwenyewe, dukani Butembo. Muchuruzi aliniwekea redio mbili ndogo za mukononi. Moja ilishika FM tu. Ingine ilijitafutia frekansi zote za karibu. Nilikamata hii ya pili, juu nilitaka kusikia marubani ya ndege pa kiwanja ya Rughenda. Udadisi wa bure!

Kwangu Bungulu, ikasimama kwa foni ya parokia, ile redio ya kuongea na vijiji. Mutu wa kijijini alikuwa anasema mama ya jirani yangu amekufa. «Lakini yeye mumuambie tu mama anagonjwa, akuye. Bazee batamuambia huku.» Kwetu ni vile: mutoto hapashwi kifo ya mama yake njiani. Anaikalishwa kwanza, katikati ya bandugu.

Kesho yake nikamukuta jirani barabarani, anangojea pikipiki, na mufuko wa matunda ya marakuja ya kupelekea mugonjwa. Sikufikiri. Nikamushika mukono: «Mungu amupokee mama.»

Akaniangalia. «Papa, nani alikuambia?»

Akaanguka pale pale, marakuja ikatawanyika, na hakukuwa hata ndugu mumoja wa kumushika. Kulikuwa miye tu, na redio mufukoni, ingali inatafuta.