Kopo Kwenye Mawe ya Mzee Nangumbi

Severina, ambaye wengi tunamwita Mama Alfredi, analima korosho na mihogo nje kidogo ya Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kufunguka chini hadi Msumbiji. Mwisho wa shamba lake, karibu na ukingo, kuna mawe yaliyorundikwa. Chini yake hakuna mtu. Babu yake, Mzee Nangumbi, alikamatwa kubeba mizigo ya askari wakati Wajerumani na Waingereza walipopigana huku, na hakurudi. Ukoo ulimngoja, kisha ukamkusanyia mawe ili apate mahali pa kuitwa. Severina ni Mkristo na hakosi misa, lakini kila yanapokaribia mavuno hupeleka unga wa mtama, akaumimina juu ya mawe na kumsalimu.

Mwaka juzi wageni wa Kizungu walianza kufika, wakiletwa na Nurdin, mwendesha bodaboda. Walitembea wakitazama simu hadi kwenye mawe, wakapiga magoti. Waliinua jiwe, wakatoa kitu, wakaandika, wakaacha shanga au sarafu, wakalirudisha jiwe. Severina aliwaona kutoka kwenye mikorosho na hakuwasogelea, maana mtu anayetambika hasumbuliwi. Moyoni aliridhika. Alijiambia kwamba hao ni wajukuu wa wale askari, wamekuja kumwomba radhi babu yake. Akaanza kuwafagilia njia.

Siku moja Nurdin akamleta Faidha, binti anayefanya kazi Mtwara. Kwa kuwa huyu alikuwa mtu wa huku huku, Severina alimfuata na kibakuli cha unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa ukoo wa nani? Babu ulimjuaje?"

Faidha alimgeukia Nurdin, kisha akamrudia Severina. "Babu yupi?"

"Si huyu unayempigia magoti?"

Faidha alisimama, kopo dogo la plastiki mkononi, akaeleza taratibu. Ulikuwa mchezo. Mtu huficha kopo mahali penye mandhari nzuri, akaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao, na wengine hulitafuta kwa simu. Anayelipata huandika jina lake kwenye karatasi iliyo ndani, akaacha kitu kidogo.

"Mchezo," Severina alisema. Akaweka kibakuli chini.

"Mimi nilidhani unajua, Mama Alfredi," Nurdin alisema. "Nikashangaa mbona huwauzii hata mihogo ya kuchemsha."

"Nifungue genge kaburini? Wewe nawe!"

Severina aliinama kuyatazama mawe, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akiyatazama kweli. Rundo lilikuwa limetawanyika, limekuwa fupi.

"Tulitupe hili kopo, yaishe," Nurdin alisema.

"Hayataisha," Faidha alijibu. "Namba zitaendelea kuwaleta hapa. Wasipoliona watageuza kila jiwe. Mwenye kopo ndiye anayeweza kuzibadilisha."

Basi akamwandikia mwenye kopo, mgeni aliyewahi kufundisha Masasi. Jibu lilichelewa. Wakati huo wote Severina alihamishia kazi yake ya kumenya mihogo pale pale kwenye mawe, na wageni wawili waliofika aliwarudisha. "Leo babu amelala," aliwaambia, na Nurdin akatafsiri alivyoweza.

Hatimaye mwenye kopo aliomba radhi, akakubali lihamishwe na namba zibadilishwe. Severina mwenyewe alichagua mahali, kwenye mwamba ulio kando ya njia, mbali na mawe. "Hapo wataliona bonde lote," alisema. "Si ndilo walilofuata?"

Faidha alitaka kuandika habari za Mzee Nangumbi kwenye ukurasa wa kopo hilo, ili watu wajue.

"Usiandike," Severina alisema. "Ukiandika watakuja kumtafuta na yeye."

Wageni bado wanakuja. Wanaishia kwenye mwamba, wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka. Hakuna anayefika kwenye mawe. Severina aliniambia kwamba wiki ya kwanza kimya kile kilimsumbua, kwa kuwa alishazoea kuona babu yake anatembelewa na watu wengi. Halafu akaenda kupanga rundo upya. Jiwe la chini alilijua, kwa sababu baba yake alimwonyesha. Mengine hakukumbuka lipi lilikaa wapi, akayaweka kama yalivyomjia mkononi, akamwambia babu yake amvumilie.